Siku Moja Katika Delhi ya Zamani

Mwanzoni mwa mwaka 2023 tulikuwa India, katika mji wa Delhi. Hatukwenda kutembea. Tulimpeleka mtoto wetu wa miaka tisa kupasuliwa moyo. Moyo wake ulikuwa na tundu tangu kuzaliwa. Nyumbani alikuwa hawezi kwenda kisimani bila kuchuchumaa njiani mara mbili tatu, anahema kama mtu aliyekimbizwa na nyuki.

Tulikuwa watatu: baba, mama na mtoto mwenyewe. Alipasuliwa salama. Ilipotimia wiki ya sita daktari akasema sasa mnaweza kurudi kwenu. Ndege ilikuwa keshokutwa. Basi tukabakiwa na siku moja ambayo haikuwa na sindano wala foleni ya dawa. Tukamwuliza daktari kama tunaweza kutoka kidogo tukaone mji. Akakubali, lakini akatoa masharti. Mtoto asikimbie. Asibebe kitu. Asigongwe kifuani. Ngazi anaweza kupanda, lakini polepole, na akichoka apumzike.

Tulipowaambia wenyeji wa nyumba tuliyopanga kwamba tunakwenda Delhi ya Zamani, walishika vichwa. Na mtoto aliyetoka kupasuliwa? Kule ni fujo tupu! Hawakusema uongo. Fujo kama ile hatujapata kuiona, hata sokoni siku ya mkesha wa sikukuu. Lakini baada ya kutembea siku nzima tuligundua kwamba chini ya fujo ile upo mpango, na mpango huo una umri wa karibu miaka 400. Mtu akiujua, hapotei ovyo. Huo ndio tunaotaka kuwaeleza.

CHORA CHINI KWA KIJITI

Delhi ni mji mkuu wa India. Hesabu ya watu ya mwaka 2011 ilikuta watu zaidi ya milioni 16 katika jimbo lote la Delhi. Iko Delhi Mpya, yenye barabara pana na ofisi za serikali. Hiyo waliijenga Waingereza, wakaifungua mwaka 1931. Na iko Delhi ya Zamani, ambayo jina lake la kwanza ni Shahjahanabad, yaani mji wa Shah Jahan.

Shah Jahan alikuwa mfalme wa ukoo wa Mughal. Wafalme wa ukoo huo walikuwa Waislamu ambao asili yao ni Asia ya Kati, nao walitawala sehemu kubwa ya Bara Hindi. Huyu Shah Jahan ndiye aliyejenga Taj Mahal, lile kaburi jeupe la mke wake ambalo picha yake watu wengi wameiona. Makao yake yalikuwa mji wa Agra. Mwaka 1639 alianza kujenga makao mapya hapa Delhi, kando ya mto Yamuna.

Sasa, ndugu msomaji, chukua kijiti uchore chini. Simama ukitazama kaskazini. Upande wa mkono wako wa kulia chora mto. Kando ya mto, upande wa ndani, chora sanduku. Hiyo ni ngome ya mfalme. Kutoka katikati ya sanduku vuta mstari mmoja ulionyooka kwenda mkono wako wa kushoto, yaani magharibi. Huo ni mtaa mkubwa wa soko, unaitwa Chandni Chowk. Urefu wake ni kilomita moja na kitu. Mwisho wa mstari weka nukta. Hapo ni msikiti wa Fatehpuri, uliojengwa na mmoja wa wake za mfalme mwaka 1650. Kusini ya mstari, si mbali na ngome, weka nukta kubwa. Hapo ni Jama Masjid, msikiti mkuu wa Ijumaa. Kisha zungushia yote ukuta wenye malango. Basi, umemaliza.

Leo ule ukuta umebomolewa karibu wote, yamebaki malango machache. Mto nao umehama, umeiacha ngome. Lakini mstari ungali palepale.

TULIRUDI KUWA WASIOJUA KUSOMA

Tulitoka asubuhi, siku ya Jumanne. Jumatatu ngome hufungwa. Tulipanda treni ya umeme, ambayo kwa sehemu kubwa ya safari yetu ilipita chini ya ardhi. Treni hiyo ilianza kazi mwaka 2002. Kabla ya kupanda mnapekuliwa, na mizigo inapitishwa katika mashine. Behewa la kwanza ni la wanawake peke yao. Mama na mtoto wangekaa kwa raha zaidi humo, lakini tukaona tusitengane. Tukabanana na wengine, mtoto tumemweka katikati yetu.

Tulipotoka nje mbele ya ngome tukatafuta kibao cha kutuelekeza. Kibao kilikuwepo, tena kimeandikwa kwa lugha nne. Kihindi, ambacho herufi zake zinaning'inia kwenye mstari kama nguo zilizoanikwa kambani. Kipunjabi, ambacho kwa macho yetu kilifanana na hicho cha kwanza. Kiurdu, kinachoandikwa kwa herufi za Kiarabu kutoka kulia kwenda kushoto. Na Kiingereza. Barabara kubwa zote zina vibao vya namna hiyo. Lakini tulipoingia vichochoroni Kiingereza kilipungua, na mahali pengine kikatoweka kabisa.

Kazi yetu sisi ni kufundisha watu wazima kusoma na kuandika. Siku ile tulisimama chini ya maandishi tukiyatazama kama ng'ombe anavyotazama gari moshi. Tuliwakumbuka wanakisomo wetu wanaosema kwamba zamani walikwenda mjini wakitambua basi kwa rangi yake. Nasi tulifanya hivyohivyo. Tulishika alama: mnara ule, duka lenye mabirika yaliyotundikwa, mti uliofungwa nyuzi nyekundu.

Kitu kimoja tu tulikisoma bila shida, nacho ni tarakimu. Bei zilikuwa zimeandikwa 1, 2, 3 zilezile. Na hapa kuna jambo la kufurahisha. Tarakimu hizi tunazofundishana katika kisomo zilianza huko huko India. Waarabu walijifunza kwao, na Wazungu wakajifunza kwa Waarabu.

Kabla ya kuanza kutembea tulipatana jambo moja. Simu yenye laini ya kule ilikuwa moja tu, anayo mama. Kwa hiyo tukasema: yeyote atakayepotea asiwatafute wenzake. Ashike mstari mkubwa mpaka mwisho, akae kwenye lango la msikiti wa Fatehpuri. Wazo hili lilikuwa la mama. Baba, ambaye ndiye anayeshika kalamu hii, aliona kama ni woga usio na sababu.

HOSPITALI YA NDEGE

Mahali pa kwanza hatukupapanga. Mbele ya ngome kuna hekalu jekundu la Wajaini. Wajaini ni watu wa dini mojawapo ya kale ya India, nao wanakatazwa kuua kiumbe chochote chenye uhai, hata mdudu. Nyama hawali. Ukitaka kuingia unaacha viatu na kila kitu cha ngozi, hata mkanda wa suruali. Ndani ya uwanja wa hekalu hilo iko hospitali ya ndege.

Tunasema hospitali, na ni hospitali kweli. Kuna vizimba vilivyopangwa kama vitanda vya wodi. Watu huleta njiwa na kasuku waliookotwa barabarani, waliokatwa na nyuzi za tiara au feni za darini. Wanatibiwa bila malipo. Gharama zinatoka katika sadaka.

Mtoto wetu alikwenda moja kwa moja kwenye kizimba cha njiwa mmoja aliyefungwa bandeji bawani. Akakaa pale. Tulimwambia twende, hakusikia. Halafu akatuuliza kama njiwa yule naye alidungwa sindano ya usingizi kabla ya kushonwa. Hatukujua la kumjibu. Yule mhudumu hakujua Kiswahili, lakini alimwona mtoto akijigusa kifuani, na sehemu ya juu ya kovu lilikuwa linaonekana shingoni mwa shati. Akaelewa. Akafungua kizimba, akamshika yule njiwa kwa mikono miwili, akamsogeza karibu ili mtoto aone nyuzi.

Tulikaa hapo muda mrefu kuliko tulivyokaa katika jumba la mfalme.

NGOME NYEKUNDU

Ngome inaitwa Lal Qila, maana yake ngome nyekundu. Imejengwa kwa mawe mekundu ya mchanga. Ilianza mwaka 1639 ikamalizika 1648. Mzunguko wa ukuta wake ni karibu kilomita mbili na nusu, na upande wa mjini ukuta una urefu wa mita 33 kwenda juu. Mnazi mrefu hauufikii. Kiingilio cha mgeni ni mara kumi au zaidi ya kile cha mwenyeji. Tulinung'unika kidogo, kisha tukaona ni haki, kwa sababu mwenyeji analipa kodi ya kuitunza. Mtoto aliingia bure.

Ukishapita lango kuna soko lenye paa la mawe. Zamani watu wa jumba la mfalme walinunua hariri na vito humo, leo vinauzwa vitu vya ukumbusho. Mbele yake ni ukumbi wenye nguzo nyingi, ambamo mfalme aliketi kusikiliza mashtaka ya raia. Nyuma kabisa, upande wa mto, yako majumba ya mawe meupe.

Katika majumba hayo tuliona jambo ambalo fundi yeyote wa kijijini angelipenda. Sakafuni umechongwa mfereji unaopita chumba baada ya chumba. Maji yalichukuliwa mtoni, mbali upande wa juu, yakaletwa kwa mfereji mrefu hadi hapa. Yalipita katikati ya vyumba siku nzima. Joto la Delhi mwezi wa Mei na Juni ni kali sana. Upepo ukipita juu ya maji unapoa, na chumba kinapoa. Waliuita Mto wa Peponi. Maji mengine yalipelekwa katikati ya ule mtaa mkubwa wa soko. Sisi tuliukuta mfereji mkavu, umejaa vumbi.

Ndani ya jumba moja kilikuwepo Kiti cha Tausi, kiti cha enzi cha dhahabu na vito. Hakipo tena. Mwaka 1739 Nadir Shah, mfalme wa Uajemi, aliuteka mji, watu wake wakaua maelfu ya wakazi, na kiti akakichukua.

Baada ya hapo ukoo wa Mughal ulidhoofika, na Kampuni ya Waingereza ya Mashariki ya Hindi ikazidi kupata nguvu. Mwaka 1857 askari wa Kihindi waliokuwa wakiitumikia Kampuni hiyo waliasi. Walikuja Delhi kwa mfalme wa mwisho, Bahadur Shah Zafar, mzee wa miaka zaidi ya 80, ambaye alipenda mashairi kuliko vita. Wakamwomba awe kiongozi wao. Akakubali. Waingereza waliuteka tena mji mwezi wa Septemba mwaka uleule. Mzee alishtakiwa ndani ya ngome yake mwenyewe, akahamishiwa Rangoon, nchi ya Burma. Akafa huko mwaka 1862.

Waingereza hawakuishia kwa mfalme. Walibomoa sehemu kubwa ya majumba ndani ya ngome na kujenga kambi za askari wao. Ukitembea leo unapita jumba jeupe la nakshi, halafu ghafla unakutana na jengo refu la ghorofa, limesimama kama ghala. Ni kambi hizo. Sisi hatukuzipenda kuziangalia, lakini ni vizuri kwamba hazikubomolewa, maana mtoto alipouliza ni za nini ikatubidi tumweleze habari yote.

Ndiyo maana tarehe 16 Agosti 1947, siku moja baada ya uhuru, Jawaharlal Nehru alikuja kupandisha bendera ya India juu ya lango hili hili. Na kila mwaka tarehe 15 Agosti Waziri Mkuu huhutubia taifa kutoka hapa.

MTAA WA MBALAMWEZI

Mtoto alikuwa ameanza kuchoka. Tukatafuta baiskeli ya magurudumu matatu, yenye kiti cha abiria nyuma. Si bajaji. Bajaji tunazozijua huku zimepata jina kwa kampuni ya Kihindi ya Bajaj, nazo zina injini. Hii inaendeshwa kwa miguu. Tangu mwaka 2021 magari yenye injini yamekatazwa kupita katika Chandni Chowk mchana. Mwendeshaji alimwita baba "bhaiya", yaani kaka, na mama akamwita "didi", dada. Ndivyo wanavyoitana hata watu wasiojuana. Nasi tukamwita bhaiya. Bei tulipatana kabla ya kupanda: aliandika tarakimu kwa kidole kwenye kiganja chake, mama akaandika ndogo zaidi kwenye chake, wakakutana katikati. Wengi wa waendeshaji hawa ni watu wa vijijini, kutoka Bihar na Uttar Pradesh, wanaokuja mjini kutafuta fedha.

Mtaa huu ulipangwa na mwanamke. Jahanara, binti mkubwa wa Shah Jahan, ndiye anayetajwa kuwa aliutengeneza. Katikati ulipita ule mfereji wa maji, na mahali fulani pakawa na bwawa. Usiku mwezi ulionekana ndani ya maji. Chandni ni mbalamwezi, chowk ni uwanja. Karibu na bwawa Jahanara alijenga nyumba kubwa ya wasafiri. Baada ya vita vya 1857 Waingereza waliibomoa, wakajenga ukumbi wao wa mji.

Leo mfereji haupo. Yapo mafundi cherehani, wauza vitambaa, mbwa waliolala katikati ya njia, waumini wanaokwenda hekaluni, mikokoteni, na juu ya vichwa nyaya za umeme zimesokotana kama kiota cha ndege. Watu wanapiga kelele, kengele zinalia. Mama alimpakata mtoto ili asirushwe.

Lakini angalia. Kila kichochoro kinachotoka kwenye ule mstari mkubwa kina kazi yake. Dariba Kalan ni vito na fedha. Kinari Bazaar ni mapambo ya harusi. Nai Sarak ni vitabu. Ballimaran ni viatu na miwani. Kwa hiyo mkazi akitaka daftari la mtoto haulizi duka, anauliza kichochoro. Na mgeni akijikuta kati ya miwani kushoto na miwani kulia anajua yuko wapi, hata kama hawezi kusoma herufi moja. Sisi tulikuwa tumekwisha kuanza kuusoma mji kwa namna hiyo.

Tulishuka kwenye hekalu la Singasinga, linaloitwa Gurdwara Sis Ganj. Mahali hapo mwaka 1675 alikatwa kichwa kiongozi wao wa tisa, Guru Tegh Bahadur, kwa amri ya mfalme Aurangzeb, mtoto wa Shah Jahan. Wenyewe wanasema alikufa akitetea haki ya watu wa dini nyingine kushika dini yao. Unavua viatu, unanawa miguu, unafunika kichwa. Kisha, uwe nani, unakaribishwa chakula. Mnakaa chini kwa mistari, tajiri na mchukuzi bega kwa bega. Wanagawa dengu na mkate kama chapati. Mkate unapokelewa kwa mikono miwili. Hakuna anayeuliza dini yako wala anayedai senti. Mtoto wetu, ambaye hospitalini alikuwa akikataa chakula, alikula mikate mitatu.

KIKOHOZI

Baada ya chakula tukafanya kosa. Ukipita msikiti wa Fatehpuri, mwisho wa mstari, unaingia Khari Baoli, soko la viungo. Husemwa kuwa ndilo soko kubwa kuliko yote ya Asia kwa viungo vya jumla. Baba alitaka kuliona kwa sababu ya karafuu. Kwa miaka mingi India ilikuwa mnunuzi mkubwa wa karafuu za Unguja na Pemba, na mwaka 1937 wafanyabiashara wa Kihindi walipogoma kuzinunua, kwa kupinga sheria mpya ya karafuu, biashara ya Unguja ilitikisika.

Soko lile linavutia. Magunia ya manjano, iliki, mdalasini, tangawizi kavu, pilipili nyekundu kama makaa. Wachukuzi wanapita mbio na magunia kichwani au mgongoni, wengine wanasukuma mikokoteni, nao hawasimami, kwa sababu mzigo ule ukisimama ni taabu kuuondoa tena. Wanapiga kelele tu: pisha! Na vumbi la pilipili limejaa hewani. Kila mtu anakohoa, hata wenye maduka.

Mtu mzima akikohoa anafuta machozi anaendelea. Mtoto ambaye mfupa wa kifua chake una wiki sita tangu uunganishwe ni jambo jingine. Alipoanza kukohoa alijikunja, akashika kifua kwa mikono miwili. Mama hakungoja mashauri. Alimweka mtoto mbele yake, akamzungushia mikono kama ua, akatazama wapi kuna mwanya, akatoka naye.

Baba alikuwa ameinama juu ya gunia la karafuu, anauliza bei. Alipoinuka hakuwaona.

Ndugu wasomaji, zile dakika ishirini hatuzisahau. Baba alirudi mbele, akarudi nyuma. Akaingia kichochoro akidhani ni kile, kumbe ni kingine. Alipiga kelele kuita, nani amsikie? Alifikiria mtoto amesukumwa na mchukuzi. Alifikiria mshono. Kisha ndipo akakumbuka lile patano la asubuhi. Akamwambia mtu wa kwanza neno moja tu: "Fatehpuri?" Yule akanyoosha kidevu. Wa pili naye kidevu. Akaacha viungo nyuma, akaona lango la mawe mekundu.

Walikuwepo. Mama ametandika kanga ukutani mwa lango, mtoto amekaa, anakunywa maji ya chupa. Kikohozi kimekwisha. Mama alikuwa amekwisha kufungua shati la mtoto na kulikagua kovu, ni zima. Hakusema neno. Alisogea akampa baba nafasi ya kukaa. Baada ya muda akauliza, "Na karafuu umepata?"

Msikiti ule nao una kisa chake. Baada ya vita vya 1857 Waingereza waliunyang'anya, wakaupiga mnada. Mfanyabiashara mmoja wa Kihindu akaununua. Hakuubomoa. Mwaka 1877 Waislamu wakarudishiwa.

NGAZI 33

Tulitaka kurudi nyumbani, lakini mtoto akasema bado ile nukta kubwa. Alikuwa ameuona mchoro asubuhi. Tukachukua baiskeli nyingine mpaka Jama Masjid.

Shah Jahan aliujenga msikiti huu juu ya kilima, ukamalizika mwaka 1656. Uwanja wake unaweza kupokea watu 25,000 wakiswali pamoja. Una minara miwili mirefu na makuba matatu meupe yenye mistari meusi. Waingereza waliuchukua pia baada ya 1857, wakaurudisha mwaka 1862. Una malango matatu, na kila lango linafikiwa kwa ngazi nyingi pana za mawe, ambazo watu hukaa jioni wakinywa chai na kutazama soko lililo chini. Lango la kusini lina ngazi 33. Hilo ndilo lenye ngazi chache.

Tulisimama chini tukaziangalia. Ilikuwa saa kumi. Baba akataka kumbeba, mtoto akakataa. Akaanza kupanda peke yake, mkono mmoja umeshika vazi la mama yake. Akahesabu kwa sauti. Moja. Mbili. Tatu. Wanaume waliokaa wakasogeza vikombe vyao ili apite. Ngazi ya kumi alisimama. Sisi tulikuwa tunamtazama midomo, maana zamani ilikuwa inageuka rangi. Haikugeuka. Akaendelea. Ngazi ya kumi na tisa akasimama tena, akauachilia mkono wa mama, akapanga pumzi kama alivyofundishwa hospitalini. Hakuchuchumaa.

Thelathini. Thelathini na moja. Thelathini na mbili. Alipofika thelathini na tatu aligeuka kututafuta. Mama yake alikuwa amekaa ngazi ya ishirini na tano, anahema, na kanga amejifunika uso. Tukamwambia atungoje.